Homa Isiyosikia Dawa: Kuutambua Mpindukio wa Kinga ya Mwili Unaotokana na Limfoma na Maambukizi

Mgonjwa mwenye homa anapofika katika zahanati yoyote ya Mkoa wa Singida, mhudumu huanza na maswali yaleyale na vipimo vilevile: kipimo cha haraka cha malaria, kipimo cha mkojo, na pengine kipimo cha homa ya matumbo. Walio wengi hupata nafuu kwa njia hiyo. Wapo hata hivyo wachache ambao homa yao hupanda kupita nyuzi 38.5 kila siku kwa wiki nzima au mbili, hubadilishiwa dawa mara tatu, na kila warudipo huwa na damu pungufu kuliko walivyokuja mara ya kwanza. Baadhi yao wana ugonjwa usioonekana kwa kipimo chochote kimoja, nao usipotambuliwa mapema huweza kuua katika muda wa wiki chache.

Kitaalamu ugonjwa huo huitwa himofagositiki limfohistiositosisi. Jina ni refu, hivyo madaktari duniani kote huufupisha kwa herufi HLH, na makala haya yanatumia kifupisho hicho. Kwa lugha nyepesi, HLH ni hali ambayo kinga ya mwili huamka kupambana na jambo fulani, kisha hushindwa kutulia, hata ikaanza kuiharibu miili yetu wenyewe: damu, ini, wengu, uboho wa mifupa na wakati mwingine ubongo. Kwa watu wazima jambo hilo mara nyingi ni saratani ya mfumo wa limfu, yaani limfoma, au maambukizi, au vyote viwili kwa pamoja.

Singida ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania yenye maambukizi ya chini ya malaria. Jambo hilo lina maana kubwa kwa mhudumu wa afya. Homa inayorudi kila siku kwa mtu ambaye kipimo chake cha malaria kimekuwa hasi mara mbili haipaswi kutibiwa kama malaria kwa mara ya tatu. Inapaswa kutafutiwa chanzo.

Kinga isiyojua kukoma

Virusi viingiapo mwilini, aina mbili za seli za ulinzi huenda kuziua seli zilizoambukizwa: seli T za uuaji na seli za uuaji asilia. Kila moja hujibana na seli iliyoambukizwa, huitoboa kwa protini iitwayo peforini, kisha huingiza humo vimeng'enya vya kuimaliza. Tendo hilo lina faida mbili. Kwanza, seli iliyobeba adui hufa. Pili, kwa kuwa seli hiyo ndiyo iliyokuwa ikipiga mbiu ya hatari, kifo chake huinyamazisha mbiu, na askari walioitwa hutawanyika.

Katika HLH tendo hilo halikamiliki. Wako watoto wanaozaliwa na kasoro ya kurithi katika peforini au katika protini zinazoisafirisha. Hao huugua mapema, mara nyingi kabla ya kutimiza mwaka mmoja au miwili. Kwa vijana na watu wazima kasoro ya kurithi ni nadra kuwa sababu. Kwao mfumo wa kinga huwa umezidiwa na mzigo wa maambukizi au wa saratani. Kwa vyovyote vile matokeo ni mamoja: mbiu hainyamazi, seli T huongezeka siku hadi siku, nazo humwaga kemikali za kuwasiliana ziitwazo saitokini, hasa intaferoni gama. Kemikali hizo huziamsha makrofaji, yaani seli ambazo kazi yake ya kawaida ni kumeza uchafu na vijidudu. Makrofaji zilizoamshwa kupita kiasi huanza kumeza seli nzima za damu. Kitendo hicho cha seli kumeza seli za damu ndicho kilichoupa ugonjwa jina lake.

Karibu kila kipimo kinachotumika kuitambua HLH ni alama ya hatua fulani ya mlolongo huo. Saitokini huleta homa. Makrofaji zikijaa katika wengu na ini, viungo hivyo huvimba. Seli za damu hupungua kwa sababu zinamezwa, na pia kwa sababu saitokini huudumaza uboho unaozizalisha. Kimeng'enya kinachoondoa mafuta katika damu huzuiwa, hivyo trigliseridi hupanda. Makrofaji hutoa kemikali zinazochochea kuvunjwa kwa fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, nayo hushuka. Zilezile hutoa feritini, protini ya kuhifadhi madini ya chuma, kwa wingi usio wa kawaida. Mhudumu akiushika mlolongo huu hatahitaji kukariri orodha ya vigezo, kwa kuwa atajua kila tarakimu inasimulia nini.

Ugonjwa wenye historia Afrika Mashariki

Wapo wanaodhani kwamba HLH ni ugonjwa wa vitabu vya ng'ambo. Historia haikubaliani nao. Mwaka 1939 madaktari Scott na Robb-Smith wa Uingereza walieleza ugonjwa wa homa, kukonda, kuvimba tezi, ini na wengu, na kupungukiwa damu, uliowaua wagonjwa kwa haraka. Katika viungo vyao walikuta seli kubwa zilizomeza seli nyekundu. Wakati huo ulihesabiwa kuwa aina ya saratani. Mwaka 1968 Serck-Hanssen na Purohit walichapisha taarifa ya wagonjwa 14 wa ugonjwa huohuo kutoka Uganda. Leo inafahamika kwamba wengi wa wagonjwa walioelezwa chini ya jina lile la zamani walikuwa na hali ambayo sasa inaitwa HLH, baadhi yao ikiwa imechochewa na limfoma iliyojificha. Kwa hiyo ugonjwa huu ulikwisha kuonekana katika ukanda wetu zaidi ya nusu karne iliyopita. Uliojulikana kwa uchache ni utambuzi wake mgonjwa akiwa bado hai.

Mwaka 1979 Risdall na wenzake nchini Marekani walieleza wagonjwa 19, wengi wao wakiwa waliopandikizwa figo na kupewa dawa za kushusha kinga, ambao walipata hali hiyo pamoja na maambukizi ya virusi. Tangu hapo maambukizi yakahesabiwa rasmi kuwa mchochezi.

Mchochezi mkuu miongoni mwa virusi ni Epstein-Barr, kwa kifupi EBV, na historia yake inaanzia jirani. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto wa Kiafrika. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari katika nchi nyingi za Afrika, Tanganyika ikiwamo, wakiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi uvimbe huo unaonekana na wapi hauonekani. Sampuli iliyopelekwa London kutoka Kampala ndiyo iliyowawezesha Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr kuviona virusi hivyo kwa hadubini ya elektroni na kuvitangaza mwaka 1964. Limfoma ya Burkitt huonekana zaidi penye malaria nyingi. EBV yenyewe, hata hivyo, ipo kila mahali: katika Afrika Mashariki watu walio wengi huambukizwa wangali watoto wadogo, kwa njia ya mate, bila kujua. Huishi nayo maisha yao yote kwa amani. Kwa wachache, hasa kinga inapoyumba, virusi hivyo hushiriki katika kuleta limfoma, au HLH, au vyote viwili.

Wachochezi wa kutafutwa

HLH haipaswi kuchukuliwa kuwa jibu la mwisho. Kila inapotambuliwa huzaa swali la pili: ni nini kilichoiamsha? Tiba ya kutuliza kinga peke yake, bila kumshughulikia mchochezi, huleta nafuu ya siku chache tu.

Kwa watu wazima limfoma ndiyo saratani inayoongoza katika kuchochea HLH. Aina zinazotokana na seli T na seli za uuaji asilia zina tabia hiyo zaidi, lakini limfoma za seli B na ile ya Hodgkin huweza pia, hasa kwa watu wanaoishi na VVU. Ugumu ni kwamba limfoma ya namna hii si lazima ijitokeze kama tezi kubwa shingoni. Huweza kukaa ndani ya wengu, ini au uboho, ikajulikana kwa homa, jasho la usiku na kukonda tu.

Kwa upande wa maambukizi, kifua kikuu kilichosambaa mwilini kinastahili kutajwa kwanza, kwa kuwa kipo kwetu na kinatibika. Vinafuata VVU vyenyewe, EBV na virusi vya sitomegalo, malaria kali, na fangasi wa histoplasma kwa wenye kinga dhaifu. Kwa mgonjwa aliyesafiri au kuishi katika maeneo ya kala-azar, kama vile Baringo, Turkana na Pokot Magharibi nchini Kenya, au Sudan Kusini, ugonjwa huo lazima ufikiriwe, kwani huleta homa, wengu mkubwa na upungufu wa seli zote za damu, na huweza pia kuchochea HLH. Katika jamii za wafugaji wa Singida, swali la kunywa maziwa yasiyochemshwa au kuhudumia mifugo iliyotupa mimba humkumbusha mhudumu brusela. Swali la kulala katika nyumba ya udongo yenye papasi humkumbusha homa ya papasi. Magonjwa hayo mawili mara nyingi zaidi hufanana na HLH kuliko kuichochea; hata hivyo yote yana dawa, na kuyakosa ni hasara.

Kinachoweza kuonekana hospitali ya wilaya

Si kila hospitali inaweza kupima feritini. Lakini shaka ya HLH haianzi na feritini. Huanzia kwenye kitanda cha mgonjwa na kwenye mashine ya picha kamili ya damu, ambayo hospitali nyingi za wilaya zinayo.

Jambo la kwanza ni homa ya kudumu isiyoitikia dawa za malaria wala viuavijasumu. Jambo la pili ni wengu au ini lililovimba, linaloweza kushikwa kwa mkono au kuonekana kwa ultrasaundi. Jambo la tatu, lenye uzito kuliko yote, ni kushuka kwa aina mbili au tatu za seli za damu kwa pamoja: seli nyekundu, seli nyeupe na chembe sahani. Katika maambukizi makali ya kawaida ya bakteria, seli nyeupe mara nyingi hupanda. Mgonjwa mwenye homa ya nyuzi 39 ambaye seli zake nyeupe zinashuka, chembe sahani zinashuka na hemoglobini inashuka, analo jambo jingine.

Hapo kipimo kimoja hakitoshi. Picha ya damu ya leo iwekwe kando ya ile ya juzi na ya wiki iliyopita. Mgonjwa ambaye chembe sahani zake zilikuwa 160, kisha 110, kisha 60, anaeleza habari ambayo tarakimu 60 peke yake haiwezi kuieleza.

Kipo pia kipimo cha bei nafuu ambacho husahaulika: kasi ya kuzama kwa seli nyekundu, kinachoandikwa ESR katika fomu za maabara. Katika homa kali kasi hiyo kwa kawaida hupanda, na fibrinojeni ni mojawapo ya vinavyoipandisha. Katika HLH fibrinojeni huisha, hivyo ESR huweza kushuka wakati mgonjwa anazidi kuzorota. Kushuka huko kusisomwe kuwa ni nafuu.

Dalili nyingine ni macho ya manjano, vimeng'enya vya ini vilivyopanda, michubuko na kutokwa damu puani au kwenye fizi, vipele, na kuvimba miguu. Kuchanganyikiwa, degedege au usingizi usio wa kawaida ni ishara kwamba ubongo umeguswa, na mgonjwa huyo hana muda wa kusubiri.

Vigezo vinane na alama za HScore

Vigezo vilivyotumika kwa miaka mingi ni vile vya mwaka 2004, vilivyotungwa kwa ajili ya watoto. Mgonjwa huhesabiwa kuwa na HLH akitimiza vitano kati ya vinane:

1. Homa.
2. Wengu uliovimba.
3. Upungufu wa angalau aina mbili za seli za damu: hemoglobini chini ya gramu 9 kwa desilita, chembe sahani chini ya 100, nyutrofili chini ya 1.0 (hizi mbili kwa bilioni katika lita moja ya damu).
4. Trigliseridi kuanzia 3.0 mmol/L mgonjwa akiwa hajala, au fibrinojeni isiyozidi gramu 1.5 kwa lita.
5. Seli zilizomeza seli za damu, zikionekana katika uboho, wengu au tezi.
6. Utendaji mdogo wa seli za uuaji asilia, au kutokuwapo kwake.
7. Feritini kuanzia mikrogramu 500 kwa lita.
8. Kipokezi cha intalukini-2 katika damu kilichopanda kufikia uniti 2,400 kwa mililita au zaidi.

Kigezo cha sita na cha nane huhitaji maabara maalumu sana. Kukosekana kwake kusimzuie mtu kufikia utambuzi, kwa kuwa vitano kati ya sita vilivyobaki vinatosha. Marekebisho yaliyochapishwa mwaka 2024 yamekiondoa kabisa kile cha sita.

Kwa watu wazima watafiti wa Ufaransa walichapisha mwaka 2014 njia ya kuhesabu alama iitwayo HScore, iliyotokana na kumbukumbu za wagonjwa 312. Kila kipengele kina alama zake. Upungufu wa kinga unaojulikana, kwa mfano VVU, ni alama 18. Homa ya nyuzi 38.4 hadi 39.4 ni 33, na zaidi ya hapo ni 49. Ini au wengu kuvimba ni 23, vyote viwili 38. Kupungua kwa aina mbili za seli ni 24, aina tatu 34. Feritini ya 2,000 hadi 6,000 ni 35, zaidi ya hapo 50. Trigliseridi ya 1.5 hadi 4 mmol/L ni 44, zaidi ya hapo 64. Fibrinojeni isiyozidi gramu 2.5 kwa lita ni 30. Kimeng'enya cha ini AST kikifika 30 au zaidi ni 19. Seli zilizomeza seli za damu katika uboho ni 35. Jumla ya juu ni 337. Katika utafiti ule, kizingiti cha 169 kiliwatambua asilimia 93 ya wenye HLH, na kiliwaondoa kwa usahihi asilimia 86 ya wasio nayo.

Uzuri wa hesabu hii huonekana kwa mfano wa kubuni. Mtu mzima anayeishi na VVU (18) ana homa ya nyuzi 39.6 (49), ini na wengu vimevimba (38), aina zote tatu za seli zimeshuka (34), na AST ni 95 (19). Jumla ni 158. Ikiongezwa trigliseridi ya 2.6 (44), inafika 202. Mgonjwa huyo amevuka kizingiti bila feritini, bila fibrinojeni na bila uboho. Vipimo vyote vilivyotumika ni vya damu ya kawaida, kipimajoto na mkono wa mhudumu.

Lakini alama si hukumu. HScore ilitungwa kwa wagonjwa wa Ufaransa. Kwetu, mtu mwenye VVU na kifua kikuu kilichosambaa huweza kupata alama nyingi ilhali kinachomuua zaidi ni kifua kikuu chenyewe. Alama kubwa inamwambia mhudumu afanye haraka na atafute kwa bidii. Haimwambii ameshapata jibu.

Mitego miwili: feritini na uboho

Feritini iliyopanda hadi maelfu kwa mtu mwenye homa na upungufu wa damu ni ishara yenye nguvu, hasa kwa watoto. Kwa watu wazima hupanda pia katika maambukizi makali, ugonjwa wa ini, figo zilizoshindwa, na kwa mgonjwa wa selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi. Kwa hiyo isomwe pamoja na vingine. Kupanda kwake kutoka 3,000 hadi 12,000 ndani ya siku mbili kunasema zaidi kuliko tarakimu yoyote iliyosimama peke yake.

Mtego wa pili ni kuamini kwamba bila kuona seli zilizomeza seli katika uboho hakuna HLH. Katika siku za mwanzo seli hizo huweza zisionekane kabisa. Kinyume chake, huweza kuonekana kwa mtu aliyeongezewa damu au mwenye maambukizi mengine bila kuwa na HLH. Faida kubwa ya uboho ni nyingine: unaweza kumfichua mchochezi. Humo hutafutwa seli za limfoma, bakteria wa kifua kikuu, vimelea vya kala-azar na fangasi wa histoplasma. Sampuli ya uboho isipelekwe maabara kwa swali moja tu.

Kinyama kabla ya deksamethasoni

Hapa ndipo penye uamuzi mgumu kuliko yote. Dawa inayotuliza HLH kwa haraka ni deksamethasoni, na ipo hata katika vituo vidogo. Dawa hiyohiyo huziua seli za limfoma kwa muda. Mgonjwa akiipata siku tatu au nne kabla ya kuchukuliwa kinyama cha tezi au uboho, mtaalamu wa patholojia huweza kukuta mabaki yasiyosomeka. Homa hushuka, ndugu hufurahi, mgonjwa huruhusiwa. Baada ya wiki kadhaa hurudi na limfoma iliyosambaa na ambayo bado haina jina. Deksamethasoni pia huweza kuficha kifua kikuu, na kuwasambaza minyoo wa strongiloidi kwa mtu aliyekuwa nao bila kujua.

Kwa hiyo kanuni ni hii: mgonjwa ambaye hali yake inaruhusu achukuliwe kwanza kinyama cha tezi inayofikika pamoja na uboho, damu ya kuotesha vijidudu, kipimo cha VVU na makohozi au mkojo wa kutafuta kifua kikuu, kazi hiyo ifanyike ndani ya saa, si ndani ya wiki. Tezi ikiwapo, ikatwe nzima badala ya kufyonzwa kwa sindano, kwa kuwa muundo wake ndio unaoitaja aina ya limfoma. Lakini mgonjwa aliyeanza kuchanganyikiwa, kutokwa damu au kushindwa kupumua asinyimwe deksamethasoni kwa ajili ya kungoja kinyama. Apewe, na tarehe, saa na kipimo cha dawa viandikwe waziwazi, ili atakayesoma sampuli baadaye ajue anasoma nini.

Tiba kwa muhtasari

Tiba ina miguu mitatu. Wa kwanza ni kutuliza kinga: deksamethasoni, ambayo katika utaratibu wa mwaka 1994 huanza kwa miligramu 10 kwa kila mita ya mraba ya mwili kwa siku na hupunguzwa polepole kwa wiki nane, pamoja na etoposidi kwa wenye hali kali, chini ya bingwa wa magonjwa ya damu au saratani. Wa pili ni kumtibu mchochezi: dawa za limfoma, dawa za kifua kikuu, dawa za kufubaza VVU, au dawa ya kimelea kilichopatikana. Wa tatu ni kumtunza mgonjwa asife njiani: damu, chembe sahani, viuavijasumu, lishe na maji. Kabla ya utaratibu huo wa 1994, watoto wenye HLH ya kurithi walio wengi walikufa. Miongoni mwa watoto waliotibiwa kwa utaratibu huo, zaidi kidogo ya nusu walikuwa hai baada ya miaka mitano. Kwa watu wazima wenye limfoma matokeo ni magumu zaidi, na ndiyo maana kila siku inayookolewa katika utambuzi ina thamani.

Safari ya rufaa

Kutoka Singida mjini hadi Dodoma, iliko Hospitali ya Benjamin Mkapa, ni takribani kilomita 240 za lami. Kwa mgonjwa anayetoka vijiji vya ndani vya Mkalama, Iramba au Itigi safari huwa ndefu zaidi, na matibabu ya saratani huweza kumfikisha hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mgonjwa wa HLH hawezi kumudu kurudia vipimo vyote kila afikapo.

Barua ya rufaa inayomsaidia ina mambo haya: jedwali la joto la mwili kwa siku, picha zote za damu zikiwa na tarehe, ukubwa wa ini na wengu kwa sentimita, majibu ya VVU, malaria na kifua kikuu, dawa zote alizopewa, steroidi zikitajwa peke yake na tarehe zake, idadi ya chupa za damu alizoongezewa, na alama za HScore zilizokwisha kuhesabiwa. Neno "shaka ya HLH" likiandikwa juu ya barua, hata kwa alama ya kuuliza, humfanya anayempokea mgonjwa aanzie pale mwenzake alipofikia. Simu ipigwe kabla gari halijaondoka.

Kwa mgonjwa na ndugu zake

HLH haiambukizi. Mgonjwa anaweza kushikwa, kulishwa na kuuguzwa bila hofu. Wala si dalili ya kurogwa au adhabu. Ni kinga ya mwili iliyoshindwa kukoma.

Mwenye homa ya zaidi ya wiki moja, hasa akiwa anakonda, anatoka jasho jingi usiku, ana uvimbe shingoni, kwapani au kwenye kinena, au tumbo limejaa upande wa kushoto chini ya mbavu, afike hospitali yenye uwezo wa picha kamili ya damu. Atunze karatasi zote za vipimo, hata zile zilizochakaa, kwa kuwa tofauti kati ya karatasi ya mwanzo na ya leo ndiyo itakayomwonyesha daktari njia. Asinunue deksamethasoni wala predinisoloni katika duka la dawa kwa kuwa jirani alipata nafuu nayo. Ikiwa amekwisha kumeza dawa yoyote, ya hospitali, ya duka au ya mitishamba, aseme bila kuona haya. Hakuna atakayemlaumu, na jibu lake linaweza kubadili namna sampuli yake itakavyosomwa.

Daktari akiomba kuchukua uboho au kukata tezi, ndugu wengi huogopa kwamba mgonjwa atazidiwa. Uboho huchukuliwa kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga baada ya kutiwa ganzi, na mgonjwa huweza kuketi muda mfupi baadaye. Ndugu waulize maswali yao yote, kisha waamue mapema, siku hiyohiyo ikiwezekana. Wanaoweza kujitolea damu wafike benki ya damu ya hospitali bila kungoja kuitwa, kwa maana mgonjwa huyu ataihitaji kabla majibu ya kinyama hayajarudi.